Moto Uko Kwenye Bodi

"Shikamoo, baba."

"Shikamoo," akaniitikia, akanishika mkono kwa mkono wake uliobaki na nguvu.

Nilisimama mlangoni kwetu Samuye, mkoba bado uko begani, nikaogopa. Mama alikuwa amenieleza kwenye simu kwamba kiharusi kimemwachia baba maneno lakini kimeyapindua. Mimi nikadhani ni namna ya kusema tu. Kumbe alimaanisha hivyo hasa. Neno lolote lenye mwenzake wa upande wa pili, baba anatoa lile la pili. Akitaka maji ya moto anaomba ya baridi. Akisema kesho, anazungumzia jana. Akitaka mlango ufungwe anasema "fungua," na tukiufungua anakasirika kwelikweli, maana kichwani mwake amesema vizuri na wakaidi ni sisi. Hata kwa Kisukuma ni hivyo hivyo, mama alishajaribu. "Mimi" na "wewe" navyo vimebadilishana mahali. Jioni hiyo ya kwanza aliniuliza, "Nimekula?" nikabaki nimemkodolea macho mpaka mama aliponifinya.

"Anakuuliza kama umekula, mwanangu. Mjibu."

Na mimi, ambaye tangu utotoni alikuwa akiniita mayu, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yake, sasa ananiita baba.

Kitu kimoja tu hakikupinduka: mkono wake wa kulia. Akinyoosha kidole kuelekea kikombe, anataka kikombe. Nilijiambia tangu siku ile kwamba nitafuata mkono, sitafuata mdomo, na kwa mambo ya nyumbani ilitosha. Lakini sikuwa nimeitiwa mambo ya nyumbani. Nilikuwa nimeitiwa gari.

Naishi Geita, mtaa wa Kalangalala, nafundisha hesabu sekondari. Kila mwaka nasimama mbele ya watoto nikiwafundisha namba hasi na namba chanya, na kila mwaka nikiziandika zile alama mbili ubaoni mkono unakuwa mzito kidogo. Wanafunzi hawajui kwa nini. Mume wangu hajui. Baba yangu ana jicho moja, na lile jingine nililiharibu mimi nikiwa na miaka kumi, kwa kufunga betri ya gari kinyume.

Gari lenyewe bado lipo. Ni dogo, la Kiingereza, la buluu iliyopauka, na limenizidi umri. Baba alikuwa fundi umeme wa magari Shinyanga mjini, na gari hilo alilipata kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mteja wake wa siku nyingi. Mzee yule alipomkabidhi ufunguo alimwambia, "Fundi, kumbuka, hii gari moto iko kwenye bodi." Mafundi wa magari wanauita moto ule umeme unaotoka kwenye betri kwenda kufanya kazi. Katika magari yote mnayoyaona barabarani leo, moto unatoka upande wa chanya, na upande wa hasi umefungwa kwenye bodi, kwenye bati lenyewe la gari. Hilo letu lilitengenezwa zamani, kabla watu hawajakubaliana. Chanya ndiyo ilikuwa kwenye bodi, na hasi ndiyo iliyobeba umeme kwenda kwenye stata na taa. Lilikuwa likienda vizuri tu. Ila yeyote asiyelijua angeliunguza, au lingemuunguza yeye.

Bibi alikuja kulitazama wiki ile gari lilipofika. Bibi yangu alikuwa na desturi yake: ng'ombe mgeni akiingia zizini, humfunga kipande cha kaniki shingoni, kwa sababu nyeusi kwake ni rangi ya wingu la mvua, na mvua ndiyo heri yenyewe. Akamwambia baba afungue kifuniko cha mbele amwone huyu ng'ombe wake. Akachana ukingo wa kaniki aliyojifunga, akafunga kile kipande kwenye waya mnene wa betri uliokuwa karibu na mkono wake, mafundo mawili. Waya huo ndio uliokwenda kwenye bodi. Ulikuwa wa chanya. Bibi hakuwa na habari za chanya wala hasi. Alifariki mwaka uliofuata, na baba hakukigusa tena kile kitambaa.

Sasa fikirini mtoto wa fundi, mwenye kimbelembele, anayeshinda gereji akimpa baba yake spana. Baba alikuwa amenifundisha: nyekundu chanya, nyeusi hasi. Niliyajua hayo kabla sijajua kujumlisha. Lakini gari letu lenyewe hakuwa ameniruhusu kuligusa, na hakuwahi kunieleza kwamba liko kinyume. Siku hiyo betri ilikuwa imetoka kuchajiwa, bado ina gesi, na baba alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, miguu nje. Akapaza sauti, "Mayu, funga hiyo betri!" Nikafurahi mpaka nikaruka.

Nikatafuta alama. Nikaona kitambaa cheusi. Nyeusi hasi. Nikafunga waya wenye kitambaa kwenye nguzo ya hasi, ukaingia kwa ulegevu. Nikashika wa pili niufunge kwenye chanya, ukakataa. Nguzo ya chanya ya betri ni nene kidogo kuliko ya hasi. Waliozitengeneza walifanya hivyo makusudi, ili mtu akikosea ahisi. Na mimi nilihisi. Hilo ndilo sikuwahi kumwambia mtu. Nilihisi kabisa mkononi kwamba kuna kitu hakiko sawa, na badala ya kuuliza nikaokota jiwe, nikakigonga kile kibano cha mwisho wa waya mpaka kikaingia.

Baba akakaa kwenye usukani, akawasha. Injini ikashika. Dainamo, ambayo ndiyo inayoirudishia betri chaji, ikaanza kusukuma umeme upande iliouzoea, betri nayo imegeuzwa inasukuma upande wake, na katikati nyaya zikaanza kutoa moshi. Baba akatoka mbio. Hakuwa na muda wa kutafuta spana, akaking'oa kile kibano kwa mikono. Zikaruka cheche. Betri ikapasuka. Mlio wake haukuwa mkubwa, ulikuwa kama mlango wa bati uliobamizwa na upepo. Kisha nikamsikia baba akisema, kwa sauti ya chini kabisa, "Maji. Maji. Maji."

Mama alimwagia ndoo tatu. Jicho la kulia likapona. La kushoto likawa jeupe, na hadi leo ni jeupe.

Kwa kila aliyekuja kumpa pole, baba alisema maneno hayohayo: "Nilikosea kufunga betri." Hata kwa mama alisema hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nasikiliza. Hakuniangalia, hakunikemea, hakunigusia habari hiyo siku ile wala siku yoyote. Kama angenichapa ningelia yangeisha. Badala yake nikawa nasubiri. Nilijua iko siku atageuka aniambie maneno mawili tu, "kosa lako," na nilikua, nikasoma, nikaolewa, nikazaa, huku nikisubiri. Nikija kuwasalimu nilikaa upande wa jicho lake zima ili nione kama leo ndiyo siku. Sikushika betri tena. Hata ya saa ya ukutani nilimpa mume wangu aibadilishe, na alinicheka.

Basi mwaka huu, miezi michache baada ya kiharusi, binamu yangu mmoja anayechimba dhahabu kule Masumbwe alipita Samuye na pikapu yake. Akalikuta lile gari halijawashwa muda mrefu, akataka kumfurahisha mzee. Akaleta nyaya za kuazimana chaji. Akafanya kama anavyofanya kila siku machimboni: nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye bodi. Lakini chanya ya gari lile ndiyo bodi. Alikuwa ameugusanisha umeme wa pikapu yake wenyewe kwa wenyewe, na cheche zikaanza kumwagika. Baba alikuwa kwenye kiti chake hatua tatu tu kutoka pale. Akapiga kelele, "Weka! Weka! Weka!"

Binamu yangu ni mtu wa adabu. Mzee amesema weka, akaweka. Akakandamiza kwa nguvu zake zote mpaka waya ukayeyuka mkononi.

Hakuna aliyeumia sana. Binamu aliungua viganja. Lakini mama anasema siku mbili nzima baba hakulala wala hakula vizuri. Siku ya tatu akajikokota mpaka kwenye gari, akaweka mkono juu ya boneti na kusema neno moja, ambalo halina mwenzake wa kupinduka. "Geuza." Akalirudia siku nzima. Mama ndiye aliyemwelewa: anataka gari ligeuzwe, hasi iende kwenye bodi, liwe kama magari mengine, ili siku akiondoka lisije likampofua mtu mwingine.

Wakaletwa mafundi wawili kutoka mjini. Wa kwanza alicheka, akasema gari halina shida, ni betri tu. Wa pili alianza kufungua nyaya bila kutazama zinakoelekea, baba akamfukuza kwa kumpigia kelele, "Karibu! Karibu!" Fundi akazidi kusogea, mpaka alipoiona fimbo. Ndipo baba akaanza kuninyooshea kidole mimi, kwenye ile picha ya harusi yangu iliyoko sebuleni. Mama akanipigia simu.

"Mwanangu, baba yako anakutaka wewe."

"Mama, mimi ni mwalimu wa hesabu."

"Nimemwambia. Amesema ndiyo."

"Ndiyo yake si ndiyo hapana?"

"Ndiyo maana nakupigia," mama akasema.

Nilikuja wakati wa likizo. Usiku wa kuamkia kazi sikupata usingizi. Niliogopa betri, lakini zaidi niliogopa lile jicho. Moja lilikuwa limebaki. Nilikesha nikiliwaza likiwa jeupe kama mwenzake, na baba akiwa gizani na maneno yake yaliyopinduka, hata asiweze kuonyesha kwa kidole kwa sababu hakioni anachokionyesha.

Asubuhi nilimwekea kiti mbali, karibu na banda la kuku. Akaja na fimbo yake mpaka kwenye gari, akakiburuta kiti kwa mguu, akakiweka karibu kiasi kwamba magoti yake yaligusa bampa. Nikamletea miwani ya mafundi ya kukinga macho niliyomnunulia Shinyanga mjini. Akaisukuma. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, ndiyo." Nikamwambia kama havai narudi Geita leo hii hii. Nilisema kwa ukali, mkono kiunoni, sauti ya darasani. Akaivaa juu chini. Nikamgeuzia.

Betri nilikuwa nimeitoa jana yake na kuiacha peke yake uani, vifuniko wazi, gesi yote itoke. Kazi ya kwanza ilikuwa kujua kwa uhakika ipi ni chanya, maana alama zake zilikuwa zimefutika na asidi. Nilikuwa na mita ya kupimia, nikapima, ikanionyesha. Lakini sikuiamini. Mtu aliyeniazima alikuwa amebadilisha nyaya zake, zote mbili nyeusi. Nikamwuliza baba, kwa kujisahau, "Hii ni chanya?"

"Hasi," akasema.

Nikaganda. Hasi yake ni chanya, basi ni chanya. Ila je, kama neno hilo moja halikupinduka? Kama la ufundi limebaki sawa kwa sababu alilisema maisha yake yote? Nikapima tena kwa mita, na mara ya tatu. Baba akaona. Akanyoosha kidole kuelekea jikoni, akafumba vidole, akazungusha kiganja kama mtu anayemenya kitu. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ambalo nilimwomba asiliache hata kidogo, akasema, "Anataka kiazi."

Nikakumbuka. Kiazi kitamu kibichi kinakatwa katikati, nyaya mbili za shaba kutoka kwenye betri zinachomekwa ndani yake, zisigusane. Unasubiri. Waya unaotoka chanya unaacha rangi ya kijani kwenye kiazi. Alinionyesha nikiwa na miaka saba, na nilidhani ni mazingaombwe. Tuliinamia kile kiazi sote wawili, mwalimu wa hesabu na fundi, vichwa vikigusana, mpaka kijani kikaanza kutoka taratibu pembeni mwa waya wa kushoto. Kilikubaliana na mita. Kilikubaliana na "hasi" ya baba pia. Nikachora alama kubwa ya kujumlisha juu ya betri kwa chaki niliyoikuta mfukoni.

Baada ya hapo niliufuata mkono wake. Akaonyesha vibano, nikavikata na kufunga vipya, kila kimoja kwa unene wa nguzo yake. Akaonyesha koili, ile inayotoa cheche za plagi. Nikabadilisha nyaya zake mbili ndogo, ya huku kule na ya kule huku. Akaonyesha geji ya chaji kwenye dashibodi, nikalala chali chini yake, miguu nje, mahali palepale alipokuwa amelala yeye. Nikabadilisha nyaya zake vilevile. Tulikwenda polepole. Sikukosea. Nikaanza hata kupumua.

Kisha nikaiweka betri mahali pake, nikashika ule waya mnene wa bodi. Kitambaa cha bibi kilikuwa bado pale, kimegeuka rangi ya majivu, mafundo yote mawili. Nikaupeleka waya kwenye hasi, na mkono ukasimama wenyewe.

Nilikuwa nafanya kitu kilekile. Waya wenye kitambaa, kwenye hasi. Wa pili, kwenye chanya. Nilichoombwa kufanya leo ndicho hasa nilichokifanya nikiwa na miaka kumi, hakuna tofauti hata ya nati moja. Tofauti ilikuwa kwenye dainamo tu. Siku ile hakuna aliyekuwa ameigeuza.

Baba akagonga bampa kwa fimbo. Nikafunga. Kibano kiliingia vizuri, bila jiwe.

Sasa dainamo. Chuma kilichomo ndani yake kina namna ya kukumbuka upande wake, na ukitaka kuigeuza lazima uifundishe upya. Unachukua waya, unaufunga kwenye moto wa betri, na ncha ya pili unaigusisha kwenye dainamo, mahali palipochongwa herufi F. Kwa sekunde moja, mbili. Inatoa cheche. Haiwezekani kuifanya bila cheche, na cheche ndizo nilizozikimbia maisha yangu yote. Nililowanisha taulo nikafunika betri. Nilimwambia baba arudi nyuma. Akasema ndiyo. Hakusogea.

"Baba, nakuomba."

Akanyoosha kidole kwenye jicho lake zima, kisha kwenye dainamo. Alitaka kuiona. Kwa cheche angejua kama imepokea. Mimi nisingejua.

Nikamkagulia miwani, nikaukaza mpira wake nyuma ya kichwa mpaka akalalamika. Nikasimama katikati, kati yake na betri, mgongo wangu ukiwa kwenye betri ili ikipasuka inianze mimi. Nikagusisha. Ta! Cheche ya buluu, ndogo. Nilipiga kelele, nakiri. Mama naye alipiga kelele, maji yakamwagika nusu. Baba aliinua kidole kimoja: tena. Nikagusisha. Akainua tena. Mara ya tatu akashusha mkono.

Ilibaki kuwasha. Nikamwambia baba aingie kwenye gari akae nami. Akakataa. Alisimama, mkono wake mzima umeshika ukingo wa gari asianguke, uso umeinamia injini. Boneti ilikuwa juu, na mimi nilipokaa kwenye usukani sikumwona tena. Niliona bati la buluu tu. Wala mkono wake nisingeuona, na hata ningeuona ulikuwa na kazi ya kumshikilia. Nilikuwa nimebaki na mdomo wake.

Nikazungusha ufunguo hatua ya kwanza. Geji ikacheza. Nikasubiri.

"Zima!" baba akaita.

"Amesema zima!" mama akapiga kelele. "Mwanangu, zima!"

Mkono ulikuwa kwenye ufunguo. Kama ni zima yake, maana yake niwashe. Kama ameona moshi, na kwa hofu ulimi umepata neno lake kwa mara ya kwanza tangu augue, maana yake nizime sasa hivi, na kila sekunde ninayokaa kufikiri ni jicho lake. Alisema tena, "Zima!" na safari hii nilisikiliza mlio badala ya neno. Ulikuwa ule mlio wa gereji, unaopanda mwishoni, ambao nilikuwa nikiusikia siku nzima utotoni. Hakupiga kelele hivyo kwa binamu yangu. Kule, mama alisema, sauti yake ilikuwa ya kilio.

Nikawasha.

Injini ilikohoa, ikashika. Nilitazama sindano ya geji wala sikupepesa. Ikaanguka kwanza upande wa kupungua, na nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, nikinusa. Nikakanyaga mafuta kidogo. Sindano ikatikisika. Ikapanda, ikapita katikati, ikakaa upande wa kujaa. Hakukuwa na moshi. Nilinusa tena na tena, harufu ilikuwa ya vumbi na petroli tu.

"Washa!" baba akaita, na nikazima.

Nilitoka, nikaenda mbele nimshike akae. Alikuwa ameshavua miwani. Jicho lake la kulia lilikuwa linatoa machozi, lakini lilikuwa zima, la kahawia, linanitazama. Akaachia gari, akanyoosha mkono kwenye kile kitambaa cha bibi, akakishika kwa vidole viwili. Nyeusi ilikuwa kwenye hasi. Baada ya miaka yote, bibi alikuwa amepatia.

"Kosa lako," baba akasema.

Sikumbuki nilikaa chini vipi. Nakumbuka bampa mgongoni na kuku wakipita. Maneno yalikuwa yameshafika, yaleyale mawili, kwa sauti yake, na sikuwa na mahali pa kukimbilia. Nikasema, "Ndiyo, baba. Najua." Akagonga kitu. Sikuinua kichwa. Akagonga tena, ndipo nikatazama. Alikuwa ameiacha kaniki, na kile kiganja chake kizima kilikuwa kinapiga kifua chake mwenyewe.

"Lako," akasema, akajipiga. Akaonyesha kitambaa, akajipiga tena. "Lako. Lako."

Basi nikamwambia habari ya jiwe. Niliisema haraka, nikilia kwa sauti mbele ya mama, kwamba kibano kilikataa na nilijua, nilihisi mkononi kwamba si sawa, na nikagonga. Kwamba si kitambaa peke yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kiganja hakikutoka kifuani.

"Sijui, baba," akaniambia polepole. "Sijui."

Mama alikuwa bado amesimama na beseni lake la nusu maji. Akauliza kama sasa anaweza kulimwaga.

"Ndiyo," baba akasema, na mama akaendelea kulishika.